Tumbo la Mlinzi wa Mfereji

"Shamba likikauka, fuata mfereji." Mmeisikia leo, mkacheka, sasa mnataka kujua ilitoka wapi. Kaeni basi, na msinikatize. Ilitoka huku huku kwetu milimani Upare, kwenye nyumba ya mwanamke aliyechoshwa na ubishi.

Mwanamke huyo ni Namkunda, mke wa Mzee Senkondo. Senkondo alikuwa mlinzi wa mfereji ulioshusha maji kutoka mlimani hadi mashambani. Ajabu ya Mungu, mtu aliyewafungulia wenzake maji, yeye mwenyewe alifunga choo! Wala haikuwa ya juzi na jana. Mwaka ulikuwa unakatika. Mzee alikaa chooni mpaka miguu ikafa ganzi, akatoka vile vile alivyoingia.

Majirani wote wakageuka waganga. Huyu alileta papai, yule mafuta ya nyonyo, shemeji mtu akaja na haluli, ile dawa ya kuharisha. Haluli ilimwendesha kutwa nzima, kesho yake tumbo likajifunga tena, naye akabaki amelegea kama nguo iliyokamuliwa.

Namkunda alikuwa anaona mengine. Mumewe alivaa koti jua likiwaka. Alisinzia kijiko kikiwa mkononi. Ngozi ilimkauka, uso ulimvimba, sauti ilikwaruza. Lakini akiyataja, jibu lilikuwa lile lile.

"Huo ni uzee tu, Mama Naeli. Ugonjwa wangu ni tumbo."

Hata zahanati alikwenda akaomba dawa ya tumbo, akapewa, akarudi. Namkunda alikereka hadi akakosa usingizi. Zaidi ya kukereka, aliogopa. Mume alikuwa anamzimikia mbele ya macho, na watu wanajadili mapapai!

Basi ikafika zamu ya jirani yao Kilavo kupata maji, na maji hayakufika. Kilavo akashika jembe, akaanza kuuchimbua mtaro wa shambani kwake, anachimba tu, jasho linamtoka. Senkondo akaja polepole na koti lake, Namkunda akimfuata na kidumu cha uji.

"Kilavo, una akili kweli?" mzee alifoka kwa sauti yake ya kukwaruza. "Mtaro umekukosea nini? Maji hayajafika! Shamba likikauka, fuata mfereji! Panda juu ukatazame palipoziba!"

Namkunda akatua kidumu chini.

"Rudia hapo, Baba Naeli."

"Nirudie nini?"

"Hayo unayomfundisha mwenzio. Wewe tumbo lako mwaka mzima unalichimba kwa haluli na nyonyo. Huko juu umepanda lini? Hilo koti la mchana, ni la tumbo? Na sauti hiyo, ni ya tumbo? Nimesema mpaka nimechoka! Sitaki kuwa mjane kwa ajili ya ubishi!"

Kilavo akajifanya anakagua jembe lake. Senkondo alitaka kujibu, lakini usingizi ukamwelemea, akakaa chini pale pale mtaroni. Hakubisha tena. Namkunda na Kilavo wakampeleka hospitali ya wilaya.

"Mzee, shida ni nini?" daktari aliuliza.

"Tumbo tu, mwanangu."

"Si tumbo tu!" Namkunda alidakia, akayamwaga yote.

Daktari alimpapasa shingo, akaagiza damu ipimwe. Majibu yalipotoka, aliwaita wote wawili.

"Mama, umesema kweli. Hapa shingoni kuna tezi inayouamuru mwili uende kwa kasi gani. Ya mzee imelegea, kwa hiyo kila kitu kimepoa: joto, ngozi, moyo, na utumbo pia. Wengine hufunga choo kwa sababu ya kisukari, wengine kwa dawa wanazomeza kutibu maradhi mengine. Nyinyi mnaliadhibu tumbo. Mngezidi kuchelewa, mngeniletea mtu asiyeamka."

Akapewa vidonge vya kumeza kila asubuhi, maisha yake yote. Alinung'unika, maana kunung'unika hakuna tiba. Wiki zikapita, koti likatundikwa ukutani, na choo kikaja chenyewe bila haluli ya mtu.

Siku moja shangazi yake Kilavo akaja analalamika kwamba amefunga choo tangu mavuno, na tena ana kiu isiyokatika. Watu wakakimbilia papai. Senkondo akainua kidole.

"Shamba likikauka, fuata mfereji. Mpelekeni akapimwe."

Wote wakatikisa vichwa kwa kukubali, wakasema mzee huyu ana hekima.

"Anayo," Namkunda alisema, "ila ni ya mashamba ya wenzake. La kwake nililimwagilia mimi."

Lakini alimtazama mumewe akicheka, mzima, akaacha apewe sifa zake.

Nanyi basi, mtu akiwaambia choo hakimtoki, msimkimbilie na papai mkadhani mmemaliza. Muulizeni na mengine yanayomsumbua, hata akikasirika. Shamba likikauka, fuata mfereji.