Kuku Watatu wa Mzee Hani

Paukwa!

Pakawa!

Mmekaa vizuri?

Tumekaa!

Basi wa nyuma sogeeni, nisije nikapasuka koo.

Hapo zamani, zamani za mababu wa babu zenu, palikuwa na kijiji, na kijijini humo mlikuwa na mzee mmoja, mpishi. Alizaliwa mbali, kisiwa cha Hainan, huko mashariki jua linakochomoza. Alikuja kijana, mpishi wa meli. Akashikwa na homa. Meli ikaondoka, yeye akabaki. Akauguzwa, akapona, akaoa, akazaa, akazeeka. Jina lake Han. Wanakijiji wakalivuta kidogo, wakamwita Mzee Hani.

Harusi zote alipika yeye. Pilau? Mzee Hani. Biriani? Mzee Hani. Lakini chakula cha kwao alikipika mara moja tu, akaacha, na hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Sasa sikilizeni. Mjukuu wake, Badi, akaposa binti wa Mzee Shekuwe wa kijiji cha pili. Shekuwe alikuwa mkali, neno lake halirudi. Akakubali, siku ikapangwa. Loo! Zimebaki siku saba, kideri, ugonjwa wa kuku, kikaingia kijijini. Kuku wakasinzia, kuku wakaanguka. Pu! Pu! Pu! Wakabaki watatu.

Zamzam, binti wa Mzee Hani, ndiye mama yake Badi. Akatuma mtu kwa Shekuwe kuomba siku isogezwe. Jibu likarudi mbio: "Siku haisogei. Na kwetu, mgeni wa harusi asiyeonjeshwa kuku amefukuzwa. Nakuja na watu arobaini. Mmoja akikosa, narudi na binti yangu."

Zamzam akajishika kichwa. "Baba, kuku watatu, watu arobaini! Tufanyeje?"

Mzee Hani akawatazama wale kuku. Akawatazama tena. "Nitapika cha kwetu."

"Kile cheupe alichonisimulia mama? Baba, watatucheka!"

"Siku nilipompikia mama yako na ndugu zake, walinicheka mpaka wakashika mbavu. Sikufa."

Asubuhi ya harusi akabandika sufuria kubwa. Maji, chumvi, tangawizi, majani ya vitunguu. Akachinja kuku, akawanyonyoa, akawashika miguu, akawazamisha. Akawanyanyua, maji yakamwagika kutoka tumboni, chururuu! Akawazamisha tena. Kisha akavuta kuni nje.

"Baba, moto unakufa!"

"Moto mdogo, mwanangu. Maji yapumue."

Pwi… pwi… pwi…

Zamzam akaleta ukuni. Mzee akautoa. Akaleta wa pili. Mzee akautoa, akaukalia.

"Baba, wageni wako njiani!"

"Moto mdogo. Maji yapumue."

Pwi… pwi… pwi…

Kuku wakaiva. Akawatumbukiza kwenye maji baridi ya kisima, chubwi! Ngozi ikakaza, ikang'aa. Akayeyusha mafuta ya kuku, akakaanga vitunguu saumu na tangawizi, chaaa! Akamwaga mchele, akaugeuza, akaugeuza. Halafu, badala ya maji, akamimina ile supu ya kuku. Akafunika, akapalia makaa juu. Zamzam, huku akinung'unika, akatwanga pilipili na tangawizi, akakamulia ndimu.

Wageni wakafika, vigelegele vikapigwa, masinia yakatandazwa. Wali juu kama kichuguu, na vipande vyembamba, vyeupe, vya kuku.

Shekuwe akainama, akatazama. "Huyu kuku amepikwa, au ameogeshwa?"

Kwa kwa kwa! Watu arobaini wakacheka. Zamzam akainamisha uso. Mzee Hani alikijua kicheko kile. Lakini hakuondoka.

"Mwenzangu," akasema, "anza na wali."

Shekuwe akakata tonge. Akatafuna. Tonge la pili, akachovya pilipili. La tatu. Shekuwe akaanza kuufukua wali kwa vidole, huku na huku.

"Kuku yuko wapi humu? Namsikia, simwoni!"

"Yumo katika kila punje," akasema Mzee Hani. "Hakuna mgeni wako aliyemkosa."

Shekuwe akamkazia macho. Mara akapiga paja, paa! "Mzee, umenipata! Mwiteni kadhi, na mimi niongezeeni wali!"

Badi akaoa siku ile ile. Masinia yakarudi meupe, na akina mama wakagombania ukoko, kwaru, kwaru, mpaka sufuria ikalalamika.

Jioni Zamzam akakaa karibu na baba yake. "Baba, chakula kitamu hivi, mbona miaka yote hukutupikia?"

Mzee akafuta vidole vyake, kimoja kimoja. "Niliogopa kicheko cha siku moja, mwanangu. Nikakaa na njaa miaka hamsini."

Tangu hapo alipika kila Ijumaa, na aliyetaka kujifunza akafundishwa. Shekuwe naye akawa haishi kuja kumwona binti yake, na kila akija, ajabu, ni saa ya chakula.

Basi wajukuu zangu, ulichotoka nacho kwenu usikifiche kwa kuogopa kuchekwa. Kiweke mbele za watu, uwaache waonje.

Hadithi yangu na ikomee hapo. Aliyeona njaa, jiko liko kule.