Nani Alilisafisha Shamba la Mama?

Asubuhi ile Ambakisye alivaa kama mtu anayekwenda kuzima moto: gambuti, glavu, miwani, barakoa, na bomba la kunyunyizia dawa mgongoni. Alipita katikati ya magugu kwa mwendo wa gwaride, akipuliza huku akiyaaga. "Kwaheri, mnafiki wewe. Na wewe kwaheri."

Jirani yao, Mama Tumpe, akasimama mpakani. "Mwanangu, hayo magugu unayamwagilia?"

Kumbe chupa ya dawa haikuwa imefunguliwa. Mdogo wake, Lusekelo, alikuwa amejaza maji matupu ili kupima bomba moja linafika wapi. Alimwambia. Ambakisye hakusikia, alikuwa anasimulia Lubumbashi, alikowahi kufika akiwa utingo wa lori.

"Magugu nayo yana kiu, mama," alijibu, akajicheka kabla hajachekwa.

Shamba lilikuwa la mama yao. Alipougua, misimu miwili halikuguswa na jembe, sangare, gugu lile sugu lenye mizizi mirefu, ikalifunika lote. Baba yao mdogo akatangaza: mvua zikilikuta hivyo, analichukua yeye. Mama akawaita wanawe watatu kitandani. "Atakayelisafisha ndiye mwenye shamba. Na msilikate vipande. Mkilikata, kila mtu atauza chake."

Gwantwa, binti wa kati, alijaliwa jicho. Dukani kaka yake alililia bomba kubwa la injini, linalong'aa. "Likiharibika, kaka, utalitengeneza kwa hadithi za Lubumbashi?" Akachagua dogo la kupampu kwa mkono. Akajaribu matatu ya aina hiyo kwa maji palepale: la kwanza likavuja kwenye mfuniko, la pili kwenye mpira, la tatu halikuvuja hata tone, akalilipia hilo. Akadai na nozeli ya magugu, ile inayotandaza dawa kama ufagio.

Lusekelo alijaliwa subira. Alisoma maelezo ya dawa kama mtu asomaye barua ya uchumba, akapima, akakoroga. Upepo ukivuma, alikataza kazi. "Leo itaangukia maharage ya Mama Tumpe." Wakakaa mpaka upepo ulale.

Ambakisye alijaliwa mgongo, maana kichwa, kwa maneno yake mwenyewe, alikisahau mpakani Tunduma. Alilibeba bomba lile mstari kwa mstari hadi mikanda ikamchuna mabega, akawa analala kifudifudi.

Sangare ikageuka manjano, ikakauka, ikalala. Baba mdogo akaja, akatazama, akaondoka bila kuaga.

Mama alipoambiwa shamba ni safi, akauliza, "Nani kalisafisha?"

Wote watatu wakajibu, "Mimi."

Mama akageukia ukutani. Wiki ile ile wakamzika, hajamtaja mwenye shamba.

Matanga hayajaanuliwa, maneno yakaanza.

"Ningewaacha mchague nyinyi, mngepuliza nini?" akasema Gwantwa.

"Na dawa bila kipimo ingeua nini?" akasema Lusekelo.

Ambakisye akavua shati. "Mlikaa kivulini. Mabega haya hapa!" Hakuna aliyecheka, naye hakutaka wacheke. Kisha akaongeza, "Na wewe Gwantwa, shamba unalo kwa mumeo."

Bomba huoshwa kwa maji na sabuni. Neno lile halijaoshwa mpaka leo.

Gwantwa akabeba tangi. Lusekelo akafungua nozeli, akaitia mfukoni. Ambakisye akang'oa mpini. Kila mmoja akaenda kufungia chake ndani. Mvua zikaja, na sangare ikaanza kuchungulia tena, changa, yenye afya.

Hatimaye wakaenda kwa Mama Tumpe, kila mtu kwa njia yake, wakakaa barazani bila kutazamana.

Haya, wewe unayesikiliza, shika mizani. Bila jicho hakuna bomba, bila subira hakuna dawa, bila mgongo hakuna kazi. Shamba ni moja na halikatwi. Ungempa nani?

"Amua, mama," Ambakisye akasema. Safari hii pia hakutia mzaha.

Mama Tumpe akalitazama shamba ng'ambo ya mpaka.

"Yapeni magugu," akasema. "Hayo hayajagombana."