Vigingi Vilivyopanda Mlima

Hapo zamani, barabara kuu ilipokuwa inapitishwa kwetu milimani Upareni, tulikuwa na ndiva. Ndiva ni bwawa tulilochimba kwa mikono. Maji ya chemchemi hujaa usiku, asubuhi yakafunguliwa kwenda mashambani. Bila ndiva hakuna mahindi, hakuna maharage, hakuna kitu. Nawaambia mapema ili mjue hasira yangu inatoka wapi.

Mpimaji alikuja, akapigilia vigingi vyekundu ubavuni mwa mlima, akashuka zake mjini. Njia yake ilipita chini kabisa, mbali na ndiva. Haikumdhuru mtu.

Lakini Kiangi, mwenye duka, roho haikutulia. Duka lake lilikuwa juu ya njia ile, naye alitaka magari yasimame mlangoni. Akang'oa vigingi, akavipandisha mpaka barazani kwake. Jirani yake ni Nakunda, mjane. Nakunda akaamka, akakuta kigingi kimesimama juu ya kaburi la mwanawe wa pekee. Hakuuliza, hakumwambia mtu. Naye akaving'oa, akavipandisha tena. Safari hii vikaingia katikati ya ndiva.

Wa tatu ni Mbonea, mpiga baragumu wa msaragambo. Kwetu baragumu likilia, kila nyumba hutoa mtu na jembe, na hakuna kubisha mpaka kazi iishe. Mpimaji alikuwa ameagiza tumsafishie njia. Mbonea aliviona vigingi ndani ya ndiva, kwa macho yake mawili. Akapuliza. Tukaenda, tukafyeka, tukabomoa ukingo wa ndiva yetu wenyewe. Watu wazima na akili zetu, jamani!

Mpimaji aliporudi alisema yeye hufuata vigingi, basi. Akamwaga lami, akaondoka. Mahindi yetu yakakauka yakiwa yanachanua, na akina mama wakaanza kulaza watoto na uji mtupu.

Tukaitisha mkutano. Ndiva mpya lazima ichimbwe, na maji yale yanaweza kukingwa katika moja kati ya mashamba matatu tu, na litakalochimbwa mwenyewe atalikosa. Kwa balaa yetu, ni ya hao hao watatu.

Kiangi akasimama, wala hakuona haya. "Nilipoviacha mimi, ndiva ilikuwa salama," akasema. "Muulizeni aliyevipandisha mara ya pili."

Nakunda hakuinua uso. "Wewe ndiye uliyemwekea mwanangu barabara kifuani," akasema. "Ningefanya nini? Na kaburi liko shambani humo humo mnamotaka kujaza maji."

Mbonea akasema hakugusa kigingi hata kimoja. "Mimi hupuliza. Majembe mlishika ninyi, na macho mlikuwa nayo."

Mnaona? Kila mmoja ana maneno, na watoto wana njaa! Wako waliosema lichukuliwe shamba la Kiangi, tamaa ndiyo iliyoanza. Wako waliosema la Nakunda, mkono wake ndio ulioifikisha barabara ndani ya maji. Wengine wakasema la Mbonea, maana yeye peke yake aliona mwisho wake kabla haujafika, akanyamaza.

Majembe yameshanolewa. Baragumu bado liko mkononi mwa Mbonea, na likishalia hakuna kubisha. Basi semeni sasa, kabla hajalitia mdomoni: je, tuchimbe shamba la nani?