Mfuko wa Mshonaji Khuzaima

Imepokewa katika habari za waja wema kwamba palikuwa na mshonaji katika mji mmoja wa Khurasani, jina lake Khuzaima, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alikuwa mtu wa maneno machache. Kutwa alikaa amekunja miguu juu ya mkeka, akishona kanzu za watu. Ikishaswaliwa Alasiri hufunga duka, akajitwika mfuko mzito wa ngozi mgongoni, akatoka kwa lango linalotazama jangwa. Hurudi jua likikaribia kuzama, akitweta, mfuko ukiwa mgongoni vilevile.

Washonaji hawakosi kushukiwa. Mtu akiona kanzu imembana hajiulizi kama amenenepa. Huuliza kitambaa kilichobaki kimekwenda wapi. Basi watu wakaanza kunong'ona.

Aliyenong'ona zaidi alikuwa Labidi, muuza vitambaa, ambaye mji mzima ulimwita Haji. Hakuwahi kufika Makka. Ilikuwa desturi ya mji ule kwamba mtu akitangaza sokoni nia ya kuhiji, siku hiyohiyo huanza kuitwa Haji. Na Labidi alitangaza kila mwaka.

"Fundi, mfuko umeshiba leo!" alimwambia Khuzaima langoni.

"Alhamdulillahi, Haji."

"Umeshiba kitambaa cha nani?"

Khuzaima akatabasamu, akapita. Ukimya ule ukazidisha shaka. Mwenye joho akalipima upya. Mwenye kanzu akaipindua kutafuta pindo lililopunguzwa.

Msimu wa hija ulipowadia, Shekhe Mundhiri, amiri wa msafara, aliketi kwenye ua wa msikiti kuwapokea wasafiri. Hakumchukua mtu ila majirani wamshuhudie uaminifu wake. Khuzaima akasogea, akasema anataka kwenda kwa miguu, kwani hana mnyama wa kupanda. Hapo Labidi akasimama.

"Yaa Shekhe, muulize kwanza mfukoni mna nini. Huyu anatuibia!"

Hakuna jirani aliyefungua kinywa kumtetea. Khuzaima akajua kwamba hija yake inaning'inia kwenye kamba ya mfuko ule. Akauleta, akaufungua. Labidi akatumbukiza mkono mpaka kiwiko, akautoa umejaa mchanga.

Watu wakacheka, kisha kicheko kikakatwa na shaka mpya.

"Nani hubeba mchanga kwenda jangwani?" akafoka Labidi. "Kaficha kitu chini. Umwageni!"

Wakaumwaga mpaka ikabaki ngozi tupu. Ulikuwa mchanga mtupu.

"Sema, ndugu yangu," Shekhe Mundhiri akamwambia kwa upole.

Khuzaima akainamisha kichwa. "Kila msafara ulipoondoka nililia, nikamwomba Mola anifikishe kwenye Nyumba Yake. Kisha nikaona haya. Naomba nifike Makka, na miguu yangu haijapata kuvuka soko! Ndipo nikajaza mchanga, uzito wa maji na unga nitakaobeba njiani. Mara ya kwanza nilianguka hapo langoni. Sasa nafika vilimani na kurudi."

"Mbona hukusema, ukatuacha tukudhanie mwizi?" akauliza jirani mmoja.

"Ningesema, mngeniita Haji. Nilichelea nafsi yangu ishibe jina, miguu ikalala."

Watu wakamtazama Labidi, kisha wakatazama chini.

"Mnaniuliza kama nimruhusu aanze safari," akasema Shekhe Mundhiri. "Huyu alikwisha kuianza zamani."

Msafara ukaondoka, na Khuzaima ndani yake. Haukupita muda mrefu, siku moja baada ya Alasiri, Labidi akaonekana langoni ameinama chini ya mfuko.

"Haji, umebeba nini?" akauliza bawabu.

"Mchanga," akajibu akitweta. "Na tafadhali, usiniite Haji."

Bawabu akamkazia macho, akamwamuru aufungue.

Ewe ndugu, nia yako Mola aliijua kabla hujaitamka, wala haihitaji soko liishuhudie. Lakini moyo ukitaka kwenda, viungo navyo vina haki ya kufundishwa njia. Mwenyezi Mungu atuepushe na kuwadhania vibaya waja wake, na atujaalie leo hii, baada ya Alasiri, kujitwika mzigo wa safari tunayoililia.