Soksi za Mshenga

Wapendwa, hebu acheni kujipepea na vitabu vya nyimbo mnisikilize. Joto hili si kitu. Kulikuwa na mzee mmoja kule tambarare, kwenye jua kali kuliko hili, aliyekuwa na kibaraza cha mbao. Kilikuwa kimechakaa! Vanishi ya zamani imebanduka, ukungu pembeni, na kuku walikuwa wamekigeuza choo chao. Na Jumamosi ile washenga walikuwa wanakuja kumposa binti yake, Eliwaza.

Mkewe akamwambia, "Baba Eliwaza, kwangua ile ya zamani kwanza. Osha kwa sabuni, acha pakauke, halafu upake jioni jua likipoa."

"Mama Eliwaza, nikwangue na jua hili? Unataka nife binti aolewe yatima? Vanishi inafunika yote. Nani atachungulia chini yake?"

Akasubiri mke aende sokoni. Saa saba mchana, jua la utosi, mzee akamwaga vanishi juu ya vumbi, juu ya manyoya, juu ya mavi ya kuku. Mnacheka? Ngojeni. Ikang'aa, jamani, ikang'aa! Akaigusa kwa kidole, ikaonekana kavu. Kumbe jua limekausha juu tu. Chini bado ni uji.

Washenga wakafika. Walipoona ule mng'ao, mnadhani walifanya nini? Wakavua viatu kwa heshima! Wakaketi vitini pale kibarazani, wametulia na soksi zao. Eliwaza yuko jikoni, roho juu, maana kijana aliyewatuma washenga hao, yeye anampenda kweli.

Sasa ni desturi mshenga asimame kutamka posa. Akasimama. Mguu ukakataa. Akavuta, mguu ukatoka, soksi ikabaki. Akavuta soksi, nayo ikaja na utando mzima wa vanishi, unyoya wa kuku ukining'inia. Na harufu ikaja nyuma yake. Loo!

Mzee akatamani ardhi immeze. Eliwaza kule jikoni akaanza kulia. Mzee akauliza kwa sauti ndogo, "Wazee wangu, ndio mnaondoka?"

"Tuondoke vipi, mzee mwenzangu?" akasema mshenga. "Si umetugandisha! Binti tunamtaka, tena sana. Lakini nikuulize: nani alikwambia sisi hatufugi kuku? Mavi ya kuku tungefuta miguu, tukaendelea na posa. Uchafu wako haukumshika mtu hapa. Kilichotushika ni vanishi."

Eliwaza aliolewa, msiwe na wasiwasi. Ila baba yake alikwangua kile kibaraza akiwa amepiga magoti, na mkewe amesimama pembeni anamwonyesha palipobaki.

Na sisi je? Nyumbani hatusemezani tangu Jumanne, tukifika mlangoni hapa, "Bwana asifiwe, mpendwa!" Tunang'aa! Nani tunamficha? Mungu anajua tunafuga kuku. Amekuja akijua, na bado anatutaka. Hakuwahi kutukimbia kwa sababu ya uchafu. Sisi ndio tunaomwekea vanishi, halafu tunashangaa mbona ndugu wakitukaribia wananasa.

Tukwangue, wapendwa. Inachosha, inatoa jasho, na mwenzako ataona kilichokuwa chini. Aone tu.

Haya, tusimame tuombe. Mbona wengine hamsimami? Au soksi zimeshika?