Amplifaya Mbili za Mzee Lukosi

Hii nimetumiwa na rafiki, naye alitumiwa na mwenzake. Isome yote kabla hujaamua umpelekee nani. Ukifika katikati, jina la mtu litakujia lenyewe, na kama litakuwa lako, kaa nalo kimya.

Kule Iringa, mtaa wa Kihesa, palikuwa na mpiga gitaa aitwaye Tasiano Kiwele. Kama ulikuwa humfahamu, ungekaa naye dakika chache tu angekufahamisha mwenyewe. Bendi yake ilipiga roki ya zamani, ile ya gitaa linalonguruma, kila Jumamosi jioni kwenye ukumbi mmoja wa bati na viti vya plastiki. Mkewe, Fidea, ndiye aliyekuwa mwimbaji.

Sasa tuseme ukweli. Watu walikuwa wanakuja kumsikiliza Fidea. Alikuwa na sauti nzito kidogo, yenye joto, ya kumfanya mtu aiweke chupa yake mezani na kugeuka. Kihesa nzima ililijua hilo isipokuwa mumewe, ambaye alikuwa bize na gitaa.

Ugonjwa wa Tasiano ulianza utotoni. Siku moja alisikia redioni wimbo uliopigwa na Mzee Lukosi wa Ipogolo, enzi hizo Lukosi akiwa bado kijana wa suruali pana chini. Haukuwa na maneno, ulikuwa gitaa tupu mwanzo hadi mwisho. Mlio wake ulikwaruza kidogo, kama sauti ya mtu aliyetoka kulia, kisha ukanyooka na kuimba. Mtoto Tasiano aliacha ugali ukapoa sahanini. Tangu hapo alitaka kitu kimoja tu duniani, mlio ule utoke mikononi mwake.

Akakua, akanunua gitaa, akabadilisha amplifaya za kisasa moja baada ya nyingine. Mlio ukakataa. Mafundi wakamwambia hautoki kwenye vyombo vya siku hizi. Unatoka kwenye amplifaya za taa, zenye vichupa vya kioo ndani ambavyo watu wa zamani waliviita valvu. Ukiiwasha, unasubiri vichupa vipate moto. Ukiipiga chini chini, inatoa sauti safi, ya kistaarabu. Ukiisukuma kwa nguvu, ndipo inapoanza kunguruma.

Tasiano alizitafuta kila mahali, akakosa. Halafu siku moja Mzee Lukosi mwenyewe, aliyesikia habari zake, akamwita, na akamwambia aje na mkewe.

"Kamwene, Mzee," Tasiano aliamkia mlangoni.

"Kamwene, mwanangu. Kamwene, mama. Karibuni ndani."

Mikono ya mzee ilikuwa imeanza kutetemeka, na gitaa lake alikwisha kulitundika ukutani. Sebuleni palikuwa na amplifaya mbili za taa. Moja ilikuwa kubwa, kichwa juu na boksi la spika nne chini, ya kubebwa na wanaume wawili wenye mgongo mzima. Nyingine ilikuwa ndogo kama sanduku la nguo, yenye spika moja na kitambaa kilichochanika pembeni.

Mama Lukosi aliwaletea chai. Aliinamisha kichwa kuwasalimu, akatabasamu, akamimina, asiseme neno. Tasiano alipendezwa. Alimtupia mkewe jicho, kama mtu anayesema, umeona mwanamke mwenye adabu asiyeingilia mazungumzo?

"Zote nzima," mzee alisema. "Na zote nimezipigia. Moja ni yako, bure. Nyingine itabaki hapa."

"Ipi iliyopiga ule wimbo?"

"Hilo sikwambii. Utachagua kwa masikio. Ila nina sharti moja, usichague peke yako. Zipeleke ukumbini, mama aimbe, wewe upige, kisha mchague."

Mama Lukosi alikuwa anapita na birika. Aliposikia hivyo alisimama, akaweka kiganja juu ya ile ndogo, akamtazama Fidea. Alikaa hivyo kidogo, kisha akarudi jikoni.

Tasiano alizipeleka ukumbini Jumatano mchana, wakati Fidea yuko kazini saluni. Alijiambia anazipasha moto tu. Akaanza na ile ndogo, akaifungua sauti yote, ikanguruma vizuri, tena vizuri sana. Lakini ukumbi mtupu unameza sauti, na yeye akaona kama anapiga gitaa ndani ya debe. Akahamia kwenye ile kubwa. Alipovusha sauti nusu, vichupa vikaamka, bati likatetemeka, kifua kikatetemeka, na mlio ukatoka. Ulikuwa ule ule wa utotoni. Tasiano alikaa juu ya kiti cha plastiki akalia, mtu mzima na ndevu zake.

Jioni Fidea alipofika, wakapiga wimbo mmoja kwa zote mbili. Kwa ile ndogo sauti yake ilikaa juu ya gitaa bila taabu. Kwa ile kubwa alilazimika kukaza shingo.

"Baba Imani," alisema, "hii ndogo inaniachia nafasi. Hiyo nyingine sijisikii mwenyewe."

"Utazoea."

"Basi ipunguze kidogo."

"Nikiipunguza mlio unakufa. Hii si ya kubembeleza, Mama Imani, ni ya kusukuma."

"Mzee alisema tuchague pamoja."

"Si ndiyo tunachagua pamoja? Mimi nimechagua, na wewe uko hapa hapa."

Fidea alimtazama, akafunga mkoba wake. Kesho yake ile ndogo ikarudishwa Ipogolo.

Jumamosi ya kwanza ukumbi ulichachamaa. Vijana walisimama mbele ya boksi la spika nne, mdomo wazi. Tasiano alipiga amefumba macho, na kila alipofumba macho aliiongeza sauti kidogo. Wakajaribu kuipandisha maiki ya Fidea, ikapiga mluzi wa kuumiza masikio. Ikabaki kutegemea shingo yake tu. Ikawa anaimba kwa kushindana na mumewe, wimbo baada ya wimbo, na mumewe hajui kuwa kuna mashindano.

Asubuhi za Jumapili Fidea alianza kuamka na sauti iliyokauka. Akanywa tangawizi na asali. Tasiano akasema ni baridi ya Iringa, kila mtu anakohoa msimu huu. Wiki zikapita, sauti ikawa inachelewa kurudi, hadi Alhamisi, hadi Ijumaa. Akaenda hospitali, akaelezwa kuwa mishipa ya sauti imevimba. Alitakiwa kunyamaza kabisa kwa muda, na asiimbe hadi atakaporuhusiwa.

"Tuna harusi ya Mafinga," Tasiano alisema. "Tukitoka Mafinga utapumzika hata mwaka."

"Daktari amesema sasa, Baba Imani."

"Wimbo mmoja mmoja tu. Nyingine nitajaza kwa gitaa."

Alikwenda. Usiniulize kwa nini. Wanawake wangapi wanakwenda Mafinga zao huku wanajua, kwa sababu mtu wanayempenda amekwisha kuahidi watu? Nakasirika kila nikifika hapa, na hasira zangu hazimsaidii Fidea.

Katikati ya wimbo wa tatu, Fidea alifungua mdomo na hakikutoka kitu. Akajaribu tena. Akaweka mkono kooni, akasimama hivyo mbele ya maharusi na wageni wao. Tasiano alikuwa amefumba macho. Mlio ulikuwa mtamu kuliko siku zote, akaupeleka mbali, akaurudisha, akaumalizia taratibu. Watu wakapiga makofi kwa sababu hawakujua wafanye nini. Alipofumbua macho kuwashukuru, ndipo alipomwona mkewe.

Sauti ile haikurudi. Madaktari walisema imebaki kovu. Fidea angeweza kunong'ona maisha yake yote, lakini kuimba, hapana.

Bendi iliendelea kidogo. Watu walikuja, wakasifia gitaa, wakaondoka mapema. Jumamosi moja Tasiano alihesabu viti vitupu, akaelewa jambo ambalo Kihesa nzima ilikuwa inalijua. Nyumbani ilikuwa mbaya zaidi. Fidea hakumlaumu, maana lawama inahitaji sauti. Alipika, akaandaa, akakaa. Imani, binti yao, akaanza naye kunong'ona, kama watoto wanavyoiga.

Basi Tasiano akakodi gari dogo la kirikuu, akapakia ile amplifaya kubwa, akarudi Ipogolo na mkewe. Mama Lukosi alimpokea Fidea mlangoni. Alimtazama shingoni, akamshika mkono, wakaingia jikoni. Wanaume wakabaki sebuleni.

"Mzee, nakurudishia," Tasiano alisema. "Nilichagua vibaya. Sasa najua kuwa ile ndogo ndiyo iliyopiga ule wimbo. Ulinitega."

"Hapana," mzee alisema. "Ulipatia. Ule wimbo niliupiga kwa hii hii kubwa."

Tasiano alishusha pumzi. Nasema kwa uchungu, lakini ndivyo ilivyokuwa, kwa dakika moja yule bwana alifurahi. Masikio yake hayakumdanganya. Mke amenyamaza, bendi imekufa, na yeye akafurahi kwamba alipatia.

Mzee aliona furaha ile usoni mwake, akaiacha ipite.

"Wimbo ule umeupenda tangu mtoto," alisema. "Hujawahi kujiuliza mwimbaji alikuwa wapi?"

Jikoni vikombe viligongana. Kulikuwa na wanawake wawili mle ndani, na hakuna neno lililosikika.

"Mama yako huyu, mke wangu, ndiye aliyekuwa mwimbaji wetu," mzee aliendelea. "Alinisihi nitumie ile ndogo. Nikamwambia atazoea. Tulipopata nafasi ya kurekodi, alisimama mbele ya maiki na sauti ilikuwa imekwisha. Mimi sikukatisha kurekodi. Nikawaambia wenzangu tupige hivyo hivyo, bila maneno. Wimbo ukapendwa nchi nzima. Kila ulipopigwa redioni alikuwa anatoka nje, anajifanya anaanua nguo."

Tasiano alikumbuka chai, birika na kiganja kilichokaa juu ya ile amplifaya ndogo. Alikumbuka jinsi alivyompenda yule mama kwa kukaa kimya.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia usichague peke yako."

"Hukuniambia sababu, Mzee. Ungeniambia sababu, mke wangu angekuwa anaimba leo."

"Ningekwambia sababu, ningekwambia na aliyefanya." Mzee alitazama mikono yake inayotetemeka. "Nilitaka kijana mwenye mke mwimbaji achague vizuri, bila mimi kusema nilichagua vibaya. Niliona aibu. Nimekuwa mtu mwenye heshima hapa Ipogolo miaka mingi."

Tasiano alimchukia. Alitamani kumpindulia meza yenye chai. Lakini hasira ile ilizunguka sebule yote ikarudi kukaa juu yake mwenyewe, maana sharti aliambiwa, mke alimwambia, daktari alimwambia, na kila mmoja alisema kwa Kiswahili cha kueleweka.

"Naomba ile ndogo," alisema mwishowe.

"Ichukue. Mama yako anaifuta vumbi kila siku, alijua mtairudia." Mzee aliinuka kwa shida, akaileta mwenyewe, akaiweka miguuni pa Tasiano. Kisha akauliza, si kwa ukali, "Lakini sasa, mwanangu, utampigia nani aimbe?"

Tasiano aliinua macho kuelekea jikoni. Mlango ulikuwa wazi. Mama Lukosi alikuwa amemnong'oneza Fidea jambo, na wote wawili walikuwa wanacheka, wameshikana mabega, vinywa wazi, machozi yanawatoka. Alitega masikio yake yale makali yasiyokosea, akatega sana, na hakusikia kitu.

Funzo: Ukiitafuta sauti yako kwa kumfunika mwenzako, utaipata, na utabaki nayo peke yako.