Mwavuli Nambari Saba

Jumatatu ya Pasaka, Iolanda Fantuzzi alikuwa akisukuma donge la tambi jikoni kwake Modena aliposikia mumewe akisema, kwa sauti ya mtu atangazaye hali ya hewa, kwamba amempigia simu Bi Nives na kuuachia mwavuli nambari saba. Iolanda aliweka chini kijiti cha kusukumia. Alikiweka polepole, kwa kuwa aliogopa lile ambalo mkono wake ungeweza kulitenda.

"Hebu rudia," alisema.

"Nimeuachia. Kwani kuna msiba? Mwaka huu tunapumzika kama watu. Siku tatu Roma, mbili Napoli, halafu wiki nzima kwenye jumba la pwani huko kusini. Lina bwawa la kuogelea. Tazama picha."

"Uliuachia lini?"

"Alhamisi."

"Na leo ndiyo unaniambia, orodha imeshafungwa jana!"

"Ningekwambia mapema ungekataa."

"Kumbe ulijua!" Iolanda alifoka, na unga ukaruka mezani. "Ulijua, Ulderico, ukanyamaza!"

Yeyote aliyewahi kukaa katika ufuo wa Bi Nives, pwani ya Romagna, anafahamu kwamba mwavuli wa safu ya mbele, yaani nafasi ya kukodi iliyo karibu na maji, hurithiwa. Familia itakayo kubaki huthibitisha kabla Jumapili ya Pasaka haijaisha. Isiyothibitisha, nafasi yake humwendea aliye wa kwanza katika orodha ya wangojao, nao wamo wangojao waliokwisha kuota mvi. Mwavuli nambari saba alipewa baba yake Iolanda mwaka ambao ufuo ulifunguliwa. Iolanda alijifunza kutembea katika mchanga ule. Alimlilia baba yake akiwa ameketi pale pale, akiitazama bahari aliyoipenda mzee. Kila Agosti, kwa miaka thelathini na minne ya ndoa yao, Ulderico naye alikaa chini ya kivuli hicho, akala, akalala, akanenepa.

Kilichompata ni maneno ya Gualtiero, mdogo wake, ambaye siku ya Krismasi alisema mbele ya meza nzima, "Kaka, miaka yote hiyo umeota chini ya mwavuli mmoja kama uyoga! Aliyebaki mahali pamoja muda mrefu kuliko wewe ni maiti tu." Watu walicheka, na Ulderico akacheka pamoja nao, lakini maneno yale yalimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Tangu siku hiyo alijifungia na ramani. Alinunua daftari la mistari akaandika humo likizo yote, saa kwa saa: saa tatu kamili, makumbusho, saa sita na robo, chemchemi, saa saba, chakula cha mchana chini ya mizabibu. Hakuacha nafasi hata ya mtu kupiga chafya.

"Basi nenda peke yako," alisema kwanza Iolanda. Kisha akabadili shauri. "La, nitakuja. Nitakuja ili unitazame machoni uniambie kwamba huko ni kuzuri kuliko kwetu."

Waliingia Roma tarehe kumi na tatu Agosti. Mtu aendaye pwani kila Agosti hajui mji huwaje mwezi huo, kwa sababu hajapata kuwamo. Ulderico alikuwa ameupanga mji kama vile ni Aprili. Jua lilichoma mawe mpaka nyayo zikahisi moto kupitia soli za viatu. Mkahawa wa mizabibu ulikuwa umeshusha mlango wa chuma, na juu yake pamebandikwa karatasi: Tumekwenda likizo. Mlango wa pili, vivyo hivyo. Wa tatu, vivyo hivyo. Penye makumbusho foleni ilizunguka jengo, na tiketi za siku hiyo zilikuwa zimekwisha. Sikukuu ya tarehe kumi na tano, nchi nzima inapopumzika, ilipowadia hawakupata hata mkate.

"Mama," mzee mmoja aliyeketi barazani alimwambia Iolanda, "mnatafuta nini hapa? Hata paka wameshakwenda pwani."

Iolanda alimgeukia mumewe. "Umemsikia? Paka wana akili kukuzidi!"

Ulderico alitoa penseli akafuta mstari mwingine katika daftari. Napoli alifuta ukurasa mzima.

Jumba la pwani, kwa haki, lilikuwa zuri. Tangazo lilisema liko mita mia tatu kutoka baharini, na tangazo halikudanganya; ila mita hizo zilikwenda chini. Jumba liliketi juu ya jabali, na mwenye funguo, mwanamke mnene mwenye ucheshi, aliwaonyesha ngazi iliyochongwa katika mwamba.

"Bahari si ile? Vidato mia nne na kumi na viwili tu. Kushuka ni rahisi."

"Na kupanda?" aliuliza Iolanda, ambaye magoti yake yalikuwa mabovu tangu zamani.

"Kupanda, mama, ni shauri la Mungu."

Bwawa la kuogelea lilikuwa na maji ya kijani na vyura watatu. Kwa siku nne Iolanda aliiona bahari kama mtu aonavyo picha ukutani. Siku ya tano alimkuta mumewe akitoka chini, uso mwekundu, pumzi zimemwishia, akasimama mbele yake.

"Haya. Nitazame machoni. Sema ni kuzuri."

Ulderico alitazama viatu vyake.

"Nirudishe kwetu," alisema Iolanda.

Walisafiri kutwa nzima, wakafika Romagna asubuhi ya pili. Bi Nives aliwapokea mikono kiunoni, naye hakuuma maneno.

"Mwenyewe ulinipigia, Ulderico. Nikakuuliza mara mbili, mkeo anajua? Ukasema anajua."

Iolanda alilisikia hilo, nalo lilimchoma kuliko jua la Roma.

Chini ya mwavuli nambari saba aliketi Bi Clelia wa Parma, mfamasia mstaafu, pamoja na wajukuu wake. Ulderico alimwendea, kofia mkononi, akaomba awaachie nafasi, japo kwa juma moja.

"Bwana wee," alijibu Bi Clelia, "miaka kumi na tisa nimekaa safu ya pili nikitazama mgongo wako. Naujua kuliko mkeo. Sasa zamu yako kutazama."

Safu mbili zilipasuka kwa kicheko. Iolanda alitaka kumkasirikia mwanamke yule, asiweze. Angekuwa yeye, angejibu vivyo hivyo. Ndipo hasira yake yote ikamrudia mtu mmoja.

Amedea wa mwavuli nambari nane, rafiki yake wa tangu utotoni, alikuja mbio akamkumbatia. "Mwenzangu, kwa nini hukunipigia? Ningekushikia nafasi kwa meno!" Nyuma yake, juu ya kimeza, karata zilikuwa zimegawanywa mafungu manne. Amedea aliona macho ya mwenzake yalipokwenda. "Bila wewe tulikuwa watatu," alisema kwa aibu, "tukamwomba Bi Clelia."

Walipewa safu ya kumi na moja, kando ya mabomba ya kuogea. Mbele yao kulikuwa na migongo mitupu.

"Nimetuandikisha katika orodha," alisema Ulderico kwa sauti ndogo.

"Wa ngapi?"

"Wa ishirini na sita."

"Nitakuwa nimekufa." Hakupiga kelele, afadhali angepiga. "Wala usiniombe radhi. Mwavuli ulikuwa wa baba yangu, ukaugawa kwa ajili ya kicheko cha Gualtiero."

Akageuza kiti chake, akampa mgongo. Bahari aliisikia tu.

Mkeka mkuukuu uliokulaza miaka yote ndio utakaokulaza kesho. Ule mpya uonao ukipitishwa njiani una mwenyewe, nao waenda zake. Usiache mbachao kwa mswala upitao.